Pointi 45.5 kati ya 46: je, Nakamura ni wa kushukiwa?

Kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe, ambako zamani ulikuta dhumna, bao na karata, siku hizi hukosi kijana aliyeinamia simu akimtazama Mmarekani Hikaru Nakamura anavyocheza sataranji ya dakika 3. Wapo wanaomwona bingwa wa zama za mtandao. Wengine wanasema ana walakini, na hoja yao kubwa ni hesabu moja: pointi 45.5 katika michezo 46 (ushindi ni pointi 1, sare ni nusu).

Aliyeivalia njuga hesabu hiyo, Novemba 2023, ni Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia kuanzia 2000 hadi 2007. Haikumwingia akilini kwamba mtu acheze michezo 46 ya haraka kwenye Chess.com, tovuti ya kuchezea sataranji, na kudondosha nusu pointi tu. Chess.com ikachunguza, ikasema haikuona udanganyifu.

Kushuku si dhambi. Programu iliyomo kwenye simu ya kawaida leo inamshinda bingwa yeyote wa dunia, na mwaka 2022 mchezaji wa Marekani Hans Niemann alikiri mwenyewe kuwa aliwahi kudanganya mtandaoni utotoni. Lakini hesabu haitaki hasira.

Kwa kanuni ya Elo, yaani mfumo wa alama unaopima nguvu za wachezaji, anayemzidi mpinzani kwa alama 400 hutarajiwa kupata pointi kama 91 katika kila michezo 100. Kwa kiwango hicho, tukiacha sare kando, kushinda 46 mfululizo ni jambo la takriban mara 1 katika 80. Kwa mtu mmoja kwa siku moja, ni ajabu. Sasa Nakamura amecheza makumi ya maelfu ya michezo. Chukua 30,000 tu, igawe mafungu ya 46: unapata zaidi ya mafungu 650, na jambo la 1 katika 80 litatokea mara kadhaa. Punguza tofauti iwe alama 300, uwezekano unashuka hadi kama 1 katika 1,900, lakini mfululizo si lazima uanzie mwanzo wa fungu, unaweza kuanzia mchezo wowote. Na yeye ana kawaida ya kumng'ang'ania mpinzani mmoja aliye chini yake wakacheza mchezo baada ya mchezo. Ni sawa na kumfuata mcheza dhumna wa Jaws Corner anayekaa pale kila usiku miaka nenda rudi, ukachagua usiku mmoja ambao hakufungwa, kisha ukamuuliza: vipi leo?

Uchezaji wake nao unaeleza mengi. Ujanani alikuwa mtundu: mwaka 2005 alimtoa malkia mapema hadi mraba wa h5 katika hatua ya pili tu dhidi ya Krishnan Sasikiran, jambo ambalo hata mwanafunzi hukanywa, na akafungwa. Wa leo ni mwengine. Hufungua kwa utulivu, huvumilia hali mbaya, husubiri saa ya mchezo imtafune mpinzani. (Anayecheza kutoka Wete mtandao ukiyumba anaijua saa hiyo.) Tena michezo mingi huicheza mbele ya kamera, huku akieleza kwa sauti anachofikiri.

Wanaomkosoa wana hoja nzito zaidi ya ile ya Kramnik: mtandao si kipimo chote. Nakamura ni Grandmasta (cheo cha juu kabisa cha sataranji) tangu 2003, bingwa wa Marekani mara 5, alifika alama 2816 Oktoba 2015, ila hajawahi kucheza pambano la ubingwa wa dunia. Mwaka 2022 sare moja ya mwisho ingempa nafasi ya pili kwenye mashindano ya wagombea, yanayomtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, na kwa kuwa bingwa Magnus Carlsen aliuachia ubingwa wake, nafasi hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa pambano hilo. Akafungwa na Ding Liren. Hilo linauma, na linasema kitu juu ya mchezo wake wa saa nyingi.

Lakini halithibitishi kwamba anadanganya. Anayetaka kujua kama kasi yake ni ya kweli amtazame mezani, pasipo intaneti: Almaty, Desemba 2022, kwenye ubingwa wa dunia wa mchezo wa haraka sana (blitz), alimaliza wa pili nyuma ya Carlsen.