Monita ya chogo itoe, ila hiyo flati yako iache kwanza

Mtu akiniuliza anunue monita gani isiyokula umeme na mimi namuuliza, uliyonayo sasa hivi ni ipi? Manake kama bado unatumia ile ya chogo, yenye mgongo mkubwa kama TV za zamani, hapo hatubishani, itoe. Chogo la inchi 17 linakula wati 70 mpaka 80 hivi, na ukikaa nalo karibu joto unalisikia usoni kabisa. Flati ya LED ya inchi 24 inakula kama 15 mpaka 25. Sasa chukua wati, zidisha na masaa, gawa kwa 1000, unapata uniti. Masaa 8 kwa siku, siku 250 za kazi kwa mwaka, ya wati 80 imekula uniti 160 na ya wati 20 imekula 40. Uniti 120 hizo sio mchezo.

Ninaogombana nao ni wale wenye flati nzima, haina hata mkwaruzo, alafu wanataka kununua mpya "ili kusevu umeme". Unatoka wati 27 unaenda 20, kwa masaa yale yale umeokoa uniti 14 kwa mwaka mzima! Zidisha na bei unayolipia uniti moja alafu linganisha na bei ya hiyo monita, utazeeka hela haijarudi. Na wengi wakifika dukani wanatoka na inchi 32 ya 4K, inayokula kuliko ile waliyoikimbia, alafu wanashangaa bili.

Mimi siku moja nilichomeka kile kidude cha kupima wati kati ya soketi na monita yangu, ikasoma 26. Mwangaza ulikuwa 100, vile vile ilivyotoka kwenye boksi, sijawahi kuugusa tangu ninunue. Nikaanza kushusha taratibu huku naangalia namba, 22, 19, mwangaza ulipofika 40 ikasoma wati 14. Karibu nusu imeondoka bila kununua kitu, na macho nayo yakapumua. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa najimulika usoni tu kama niko kwa daktari wa meno.

Dark mode, ile ya kugeuza skrini iwe nyeusi? Kwenye LCD ya kawaida (ndio hizi flati nyingi) haisaidii kitu cha maana, taa ya nyuma inawaka vile vile hata skrini ikiwa nyeusi tii, ni OLED ndio pikseli nyeusi inazima kweli. Na skrini seva msinitajie, zile samaki zinazoogelea zinakula umeme sawa na ukiwa unafanya kazi, weka monita ilale yenyewe baada ya dakika 5 basi. Ikilala nyingi zinakula nusu wati au chini ya hapo, kwa hiyo wale wa kuamka usiku kuchomoa waya wa monita, lala tu ndugu yangu.

Kama ni lazima ununue (imekufa, au ni chogo) kuna lebo ya Ulaya ya ulaji wa umeme yenye herufi A mpaka G. Tangu 2021 walikaza vipimo kwa hiyo usiogope ukiona monita nzuri imepewa E au F, ziko nyingi. Mimi herufi hata siiangalii, naangalia namba ya kWh (ndio uniti zile zile) kwa masaa 1000, kwa sababu ukiifikiria hiyo namba ndio wati zenyewe, ikiandikwa 18 ujue ni wati 18, hesabu imeisha. Ila wanapima kwa setingi za kiwandani, ukiipandisha mwangaza mpaka mwisho hiyo 18 isahau. Na kama ina HDR (ile ya picha zenye mwanga mkali zaidi) kuna namba ya pili pembeni, hiyo muuzaji huwa haisomi kwa sauti.

Mwangaza wa kwangu bado uko 40. Mchana jua likiingia dirishani napandisha mpaka 55, jioni narudisha.