Mate yalichukuliwa saa ngapi?
Mimi ni kifungua mimba wa watoto saba, nimekulia Ngamiani hapa Tanga, kwa hiyo habari mliyochapisha imenigusa: eti sisi tuliozaliwa wa kwanza tuna kortisoli, homoni ya mfadhaiko, nyingi kuliko wadogo zetu. Lakini mwandishi hakusema mate ya kupima homoni hiyo yalichukuliwa saa ngapi. Kortisoli hupanda sana katika dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, kisha hushuka mpaka usiku. Ukimpima mmoja asubuhi na mwenzake alasiri, umepima saa tu.

Tena walinganishwe ndugu wa tumbo moja! Nyumba ya mtoto mmoja na ya watoto saba hazifanani kwa chakula wala kwa usingizi. Mwaka 2015 watafiti walichambua watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakakuta nafasi ya kuzaliwa karibu haigusi tabia.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka 14. Nikawa naamka alfajiri kukaanga maandazi, wadogo zangu wapate ada. Kama homoni zangu zilipanda, ulizeni mzigo ule kwanza. Mhariri, tafadhali tuwekeeni idadi ya waliopimwa.