Kabla hujaniuzia turbo, shika mipira kwanza

Kwa nini gari lililokosa nguvu kwenye mlima wa Kikafu, barabara ya Moshi kwenda Arusha, linapata nguvu tena likizimwa na kuwashwa pale Boma Ng'ombe? Swali hilo nilimuuliza fundi wa kwanza, hakunijibu. Alichomeka mashine yake, ikasoma msimbo wa hitilafu P0299, akafunga boneti. "Bosi, turbo imekufa. Ya mtumba ipo, laki tisa."

Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ikifa haifufuki kwa ufunguo. Kinachofutika ukizima ni uamuzi wa kompyuta ya gari: ilitaka presha fulani ya hewa, sensa ikaleta pungufu, nayo ikabana mafuta ili kuilinda injini. Ndiyo maana rpm, mizunguko ya injini kwa dakika, ziligoma kupita 3,000 hata nilipokanyaga mpaka chini, malori yenye shehena yakinipita. Ukiwasha upya inajaribu tena, mpaka mlima unaofuata. Kwangu ulikuwa baada ya Usa River.

Na P0299 haisemi turbo imekufa, inasema presha haijafika. Huenda mpira umepasuka, huenda kale kampira kembamba ka vakyumu kanakoiongoza turbo kamekauka, huenda EGR, vali inayorudisha moshi kwenye injini, imekwama wazi, huenda kweli ni turbo. P0234 ni kinyume chake, presha imezidi. Hapo, kwa turbo zenye vibawa vinavyojigeuza, ningeanza kushuku masizi yanayovikwamisha, hasa kwa gari linaloshinda kwenye foleni za mjini.

Fundi wa pili, mzee wa Moshi, aliuliza kabla ya kufungua chochote. Bomba linatoa moshi wa rangi gani? Mweusi. Oili inapungua? Hapana. Kuna mlio? Fyuuu, nikikanyaga. Akatoa mpira wa hewa, akashika shafti ya turbo kwa vidole. Ilicheza kidogo pembeni; akasema hiyo kawaida, inaelea kwenye oili. Mbele na nyuma haikwenda. Akaziba mipira, akasukuma upepo kidogo wa kompresa, akamwagia maji ya sabuni. Povu likachemka chini ya mpira unaokwenda intakula, kile kipozea hewa ya turbo, mahali jicho halifiki. Ufa ule gari likitulia unafumba, presha ikipanda unafumbuka.

Tena huku kwetu ufa mdogo hausitiriki. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, turbo inahangaika zaidi kufikisha presha ileile. Tundu ambalo Dar ungeishi nalo, huku linakuumbua.

Lawama zote simtwishi yule wa kwanza. Sisi wateja hatulipii kutafuta, tunalipia spea. Fundi akiinama saa mbili halafu akabadilisha mpira mmoja, tunanuna: kwani umefanya nini? Akija na turbo mkononi tunahesabu noti. Basi naye atakutafutia cha kufunga. Mimi nataka upimaji uwe na bei yake, na kwa bei hiyo nionyeshwe presha iliyotakiwa ni ngapi na iliyopatikana ni ngapi, gari likiwa linapanda mlima. Kulipima limesimama chini ya mwembe hakunisaidii.

Mzee alinitajia bei ya mpira na elfu mbili ya soda.

"Na zile saa mbili, mzee wangu?"

Akacheka huku akifuta mikono. "Hizo, kijana, huwa hakuna anayelipa."