Anayetangulia Ndiye Anayefungua Njia

Theluji ikianguka usiku kucha na greda la kuondoa theluji likachelewa kupita, njia ya baiskeli asubuhi huwa na mstari mmoja tu, mwembamba, wa upana wa sentimita 4 hivi. Ni alama ya tairi la aliyetangulia. Wa pili akifika huingia mumo humo, wa tatu vivyo hivyo, na kufikia saa mbili mstari umeshindiliwa ukawa njia. Hapo ndipo mawazo yangu huenda kila nikisikia watu wakiusifu undugu wa wanaokwenda kazini kwa baiskeli mwaka mzima, hata baridi inapokuwa kali. Wengi husema undugu huo umezaliwa na shida: tumeteseka pamoja, ndiyo maana tukipishana tunatikisiana vichwa. Mimi naamini umezaliwa na kazi. Kila mmoja anapita juu ya kazi ya mwenzake, na anamwachia kazi yake anayekuja nyuma.

Kwa hiyo aliyetangulia ana wajibu. Akipindapinda kwenye theluji mbichi, alama yake itaganda jua likizama, na mfereji ule mgumu utalinasa gurudumu la mbele la mtu mwingine jioni na kumwangusha. Anyooke, apite katikati, asikate kona kwa ghafla. Na pale theluji iliposagwa na magari na kuchanganyika na chumvi hadi ikawa kama mchanga mkavu wa ufukweni, ambao tairi haliuelei wala haliushiki, ashuke asukume. Hakuna aibu yoyote katika kusukuma.

Wajibu mkubwa zaidi huonekana kitu kinapoharibika. Chukua friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachoruhusu baiskeli iende ukiwa umeacha kukanyaga. Ndani yake mna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi ili vishike unapokanyaga pedali. Girisi nzito ikipigwa na baridi ya nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri huwa ngumu kama nta, na unyevu ukiwa umeingia nao huganda. Vijino vinalala, havinyanyuki. Unakanyaga, pedali zinazunguka bure, baiskeli haiendi. Mara nyingi chanzo ni kuilaza baiskeli ndani kwenye joto: theluji inayeyuka, maji yanapenya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kwenye mirija ya waya za breki na giya, asubuhi unatoka nayo na kila kitu kinaganda ndani ya dakika 10. Baiskeli ya baridi ilale baridini, kwenye banda au chini ya paa. Ukiiingiza ndani, iache hadi ikauke kabisa.

Friwili ikigoma njiani, dawa ni kamba za plastiki za kufungia nyaya. Pitisha 4 hadi 6 kwenye matundu ya gia kubwa ya nyuma, uzungushe kwenye spoku, ukaze, ukate mikia. Sasa gurudumu na gia vimekuwa kitu kimoja. Lakini mweleze mwenzako vizuri kabla hajaondoka: asiache kukanyaga hata sekunde moja wakati baiskeli inakwenda, maana gia itaendelea kuusukuma mnyororo, mnyororo utalegea juu na kuingia kwenye spoku. Apunguze mwendo kwa breki huku miguu ikiendelea kuzunguka. Kamba hizo hazifiki gramu 20 zote pamoja. Anayekwenda kazini kila siku ya baridi bila kuwa nazo kwenye mkoba namwona amesahau kuwa njiani kuna wengine.

Vivyo hivyo tyubu. Beba mbili, ya pili iwe ya kipimo kinachotumiwa na wengi katika njia yenu. Kubandika kiraka barabarani wakati wa baridi ni kupoteza muda, kwa kuwa gundi haikauki inavyotakiwa na kiraka kitabanduka kabla hamjafika. Badilisha tyubu, kiraka utabandika nyumbani. Ukingo wa tairi lenye njumu, yaani pini za kushika barafu, ni mgumu, na mpira ukishapoa unazidi kuwa mgumu, kwa hiyo vijiti vyepesi vya plastiki vya kutolea tairi huvunjika. Njia nzuri ni kubonyeza kingo zote mbili za tairi ziingie katikati ya rimu, kwenye bonde lake, kuzunguka gurudumu lote. Hapo unapata ulegevu wa kutosha upande wa pili kuingiza kijiti bila kukilazimisha. Hapa watu wawili ni bora kuliko mmoja kwa sababu ya vidole. Mmoja anavua glavu anafanya kazi kwa dakika mbili, mwenzake amejitia mikono kwapani, kisha wanabadilishana. Mtu peke yake kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri atapoteza hisia za vidole kabla hajaikaza valvu.

Upepo wa tairi nao hubadilika bila mtu kuutoa. Ukijaza PSI 60 (kipimo cha shinikizo la upepo) ndani ya chumba chenye nyuzi 20, nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri utabaki na 52 hivi. Wanaoanza hudhani wametobokewa. Waambie mapema.

Kuhusu njumu sina ubishi tena. Zile pini ndogo za kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, zilizopachikwa kwenye tairi ndizo zinazoshika barafu tupu, na hakuna kina cha nakshi za mpira kinachoweza kufanya kazi yake. Nokian ya Ufini iliuza kwa miaka mingi tairi la njumu 106 na jingine la njumu 240. La kwanza linafaa penye lami iliyosafishwa yenye vipande vya barafu hapa na pale, la pili penye mifereji iliyoganda, kwa kuwa lina njumu pembeni pia, zinazoshika unapopanda ukingo wa mfereji. Kama fedha inatosha tairi moja tu, lifungwe mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi unajirudi, la mbele likiteleza umeshakula mwereka kabla hujajua. Na tairi jipya litembezwe kwanza kilomita 40 au 50 kwenye lami, taratibu, bila breki za ghafla, ili njumu zikae sawa kwenye mpira. Ukiliharakisha zitang'oka moja moja.

Yapo mambo wanayofanyiana waendeshaji ambayo ningependa yakome. La kwanza ni taa. Taa kali ya mbele iliyoinuliwa usawa wa macho, tena ya kumetameta, huku theluji ikianguka, humpofusha anayekuja, na mwenye taa mwenyewe haoni kitu ila ukuta mweupe. Ielekeze chini, mwanga uguse njia mita 8 hadi 10 mbele, iwake bila kukatika. La pili ni kufuatana gurudumu kwa gurudumu. Kiangazi inasaidia kukata upepo, ila kwenye barafu anayeanguka mbele anaanguka papo hapo, na breki za rimu zilizopata utando wa barafu hazishiki kabisa katika mzunguko wa kwanza. Ziguse kidogo kila baada ya muda ili zijisafishe, na acha nafasi mara mbili ya kawaida. La tatu, ukitaka kumwonya aliye nyuma, tumia sauti. Kuinua mkono kwenye usukani pale pale penye barafu ni kujitafutia ajali. Neno moja, "barafu!", kabla ya kona, linatosha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha undugu huu. Ukiendesha kwa kilomita 20 kwa saa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inahisi baridi kama ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, hata kama hewa imetulia. Shavu, ncha ya pua na ndewe za masikio zinaweza kuanza kuganda, na dalili ya kwanza ni doa jeupe au la kijivu. Mwenye doa halihisi, kwa sababu sehemu hiyo imekufa ganzi. Hana kioo. Anayeweza kuliona ni yule anayekutana naye uso kwa uso. Kwa hiyo mkisimama kwenye taa za barabarani, mtazame mwenzako usoni. Ukiona doa mwambie wazi: pua yako imekuwa nyeupe. Aifunike kwa kiganja chenye joto hadi rangi irudi. Asisugue, na asithubutu kupaka theluji kama wengine wanavyoshauri, maana kusugua kunachana ngozi iliyoganda. Akiwa anatetemeka sana, au maneno yanamtoka kwa shida, safari imekwisha: aingie ndani ya jengo lililo karibu, na wewe uingie naye.

Ndiyo sababu sipendi lugha ya ushujaa. Anayejigamba kuwa ameendesha kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri bila glavu nzito anamfundisha mgeni kuwa jambo hili ni la watu wa aina fulani. Oulu, mji wa Ufini ulio kilomita 170 hivi kusini mwa mstari wa Aktiki, watoto wengi wa shule ya Metsokangas huenda darasani kwa baiskeli katikati ya majira ya baridi, na hakuna anayewapigia makofi. Njia imesafishwa kabla hawajatoka nyumbani, basi. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu baiskeli za majira ya baridi ulifanyika mjini humo mwaka 2013, ukafuatia wa Winnipeg, Kanada, mwaka 2014 na wa Leeuwarden, Uholanzi, mwaka 2015, na ukiuliza nini kinawafanya watu waendelee kuendesha baridi, jibu huanza na greda. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, nako njia za baiskeli husafishwa mapema kama barabara kuu, tena mara nyingi kabla yake. Basi kuripoti kipande kisichosafishwa, kwa jina la barabara na saa kamili, ni huduma kwa wenzako sawa na kubeba pampu. Ripoti 1 hupuuzwa. Ripoti 15 za asubuhi moja kuhusu daraja lile lile hazipuuzwi kirahisi.

Mwenye baiskeli ya umeme akumbushwe asichaji betri ikiwa bado iko chini ya sifuri. Aiache ndani hadi ipate joto la chumba, la sivyo seli zinaharibika na hazirudi. Kufuli nalo lifungwe tundu la ufunguo likitazama chini, maji yasitulie humo. Miguu isibanwe: viatu vipana kidogo, soksi moja ya sufu yenye nafasi, kuliko mbili zinazokaba damu. Utoke nyumbani ukihisi baridi kidogo, kwa sababu ukitoka na joto utalowa jasho kabla ya kilomita ya tatu, na jasho likipoa ndilo linalokugandisha.

Kama kuna mtu kazini kwako anayetamani kuanza, usimpe orodha ya vifaa. Mwazime gurudumu la mbele lenye njumu kwa wiki mbili. Jumapili mchana, njia ikiwa nyeupe na hakuna haraka, endesha naye kutoka mlangoni kwake hadi kazini, wewe mbele, polepole, ukimwonyesha daraja linaloganda kwanza, kona yenye kivuli isiyoyeyuka mchana kutwa, na reli ya tramu ambayo lazima aivuke gurudumu likiikata karibu kwa pembe mraba. Jumatatu asubuhi mtangulie tena, umwachie mstari.