Pesa ya Kwanza Iende kwenye Giaboksi

Mtu akishapata Subaru Forester ya turbo, au Toyota Mark X iliyoingia nchini juzi, hakawii kuulizia nguvu. Anataka ekzosi pana, anataka filta ya hewa ya wazi, kisha anataka kurimapu, yaani programu ya kompyuta ya injini iandikwe upya ili injini itoe zaidi ya ilivyopangiwa kiwandani. Huku mashariki mwa Uganda, kwenye gereji za kuanzia Malaba hadi Mbale, hayo ndiyo maongezi ya Jumamosi mchana. “Bosi, tukiongeza presha ya turbo kidogo tu, utaona mwenyewe.” Giaboksi haitajwi mpaka siku gari linarudi likivutwa kwa kamba. (Na kulivuta kwa kamba ni dhambi nyingine: pampu ya mafuta ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa, magurudumu yanazungusha vyuma visivyopata mafuta.)

Msimamo wangu hauna siri. Kama gari lako ni otomatiki, pesa ya kwanza iende kwenye giaboksi, injini isubiri. Ikiwa baada ya giaboksi mfuko umekauka, baki na injini ileile uliyoletewa na meli.

Wapo watakaosema natisha watu bure. Basi tuwatazame Subaru wenyewe. Legacy GT ya lita 2.0 yenye turbo, waliyoanza kuiuza Japani mwaka 2003, ilitoka na nguvu farasi 280 kwa gia za mkono, lakini yenye otomatiki ya gia 5 ilipewa 260. Gari ni lile lile, otomatiki ikapewa pungufu. Kiwanda kizima, na wahandisi wake wote, hakikuona haja ya kuibana otomatiki hadi mwisho. Kijana mwenye laptopu anakuahidi 300 kabla ya saa ya chai.

Halafu tunahesabu farasi wakati kinachovunja giaboksi ni toki, ile nguvu ya kusokota shafti. Forester ya toleo la SH yenye turbo ya lita 2.0 hutoa Nm (nyutoni-mita) 319. Giaboksi haipokei 319. Kati ya injini na gia kuna toki-konveta, chombo kinachopitisha nguvu kwa kuzungusha mafuta, na gari linapoondoka kutoka kusimama, konveta huizidisha toki ya injini kwa karibu mara mbili. Kwa hiyo Nm 80 alizokuongezea mtu wa kompyuta zinaweza kufika kwenye gia ya kwanza zikiwa karibu 160. Hapo bado hujapakia watu watano na magunia mawili ya mahindi kwenye buti.

Ndani ya otomatiki, gia hushikwa na sahani za klachi zinazobanwa kwa presha ya mafuta. Presha hiyo hupangwa na kompyuta ya giaboksi kwa kuangalia umekanyaga kiasi gani na injini inabeba mzigo gani. Kwenye magari mengi, ukirimapu injini peke yake, kompyuta ya giaboksi haina habari. Inaendelea kubana kwa hesabu ya injini ya zamani. Sahani zinateleza kidogo kila gia inapobadilika, kufumba na kufumbua, na kila utelezi unaunguza kitambaa cha msuguano. Ubaya wake ni kwamba utelezi huu unapendeza. Gia zinaingia laini, abiria hawatikisiki, mwenye gari anamsifu fundi. Mimi gari lililoongezwa nguvu likibadilisha gia kwa ulaini kuliko zamani, naingiwa na wasiwasi.

Utelezi huzaa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa otomatiki. Mafuta ya giaboksi yakifanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95 hivi hayana neno. Yakizoea kuvuka 120 yanaanza kuharibika: yanageuka kahawia, yananuka kuungua, yanaacha utando kwenye valvu, na sili za mpira zinakakamaa. Sasa chukua barabara ya Muyembe kupanda Sipi hadi Kapchorwa. Kutoka Mbale mpaka juu unapanda zaidi ya mita 600, kona juu ya kona, gia ya pili na ya tatu, na konveta muda mwingi haijajifunga, yaani haijaunganisha injini na gia moja kwa moja. Konveta isiyojifunga inakoroga mafuta bila kupumzika, na kukoroga huko kote kunaishia kuwa joto. Gari la kawaida hupanda pale kila siku bila shida. Lililoongezwa toki, dereva wake naye akitaka kuionja toki yenyewe, ni habari nyingine.

Hapa sharti niguse jambo ambalo mafundi wetu hawapendi kuguswa: themostati, ile valvu inayozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta mpaka yapate joto. Imekuwa desturi kuing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba Afrika kuna joto. Matokeo yake injini inafanya kazi ikiwa baridi, na kompyuta za Toyota na Subaru nyingi haziruhusu konveta kujifunga, wala gia ya juu kabisa kuingia, mpaka maji ya injini yafikie joto lililopangwa. Umeitoa themostati ukidhani unalipoza gari, kumbe unaipika giaboksi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote cha kung'aa, rudisha themostati.

Kisha kagua rejeta. Katika magari mengi tunayoyaendesha, mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo ya maji. Ile iliyojazwa maji ya bomba miaka nenda miaka rudi, bila kulanti (maji maalumu ya kupozea), imejaa kutu, na bomba la ndani likitoboka maji yanachanganyika na mafuta. Ukivuta dipstiki ukakuta mafuta yamekuwa ya waridi yenye weupe wa maziwa, usiendeshe tena. Gundi inayoshika kitambaa cha klachi haivumilii maji.

Ndipo unafunga rejeta ndogo ya nje kwa ajili ya mafuta ya giaboksi peke yake, mbele ya kondensa ya AC, kwa hozi zinazostahimili mafuta ya moto, siyo hozi ya maji iliyokazwa kwa waya. Pamoja nayo funga geji ya joto. Watu wengi huiruka geji kwa sababu haiongezi mlio wala mwendo. Mimi ningeahirisha ekzosi ninunue geji, kwani bila hiyo unabahatisha tu: hujui kama rejeta uliyofunga inatosha au ni pambo la bampa. Na kwa wengi wetu, kusema kweli, kazi ingeweza kuishia hapo: rejeta ndogo, geji, mafuta safi, injini ya kiwanda. Gari la namna hiyo litapanda Kapchorwa likiwa na afya kuliko la jirani aliyerimapu.

Mafuta nayo yana ubishi wake. Utasikia ikisemwa kwamba giaboksi ya zamani ukiibadilishia mafuta inakufa. Huwa kweli inakufa, ila ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Mwenyewe alikwenda kubadilisha mafuta kwa sababu gia zilikuwa zimeshaanza kuruka. Badilisha mapema, na weka aina inayotakiwa. Mark X inataka Toyota WS, wakati Toyota nyingi za kabla yake zinataka T-IV. Kwenye Subaru kuwa macho zaidi: difu ya mbele imo ndani ya kasha hilohilo la giaboksi lakini ina mafuta yake, nati yake ya kumwagia, na dipstiki yake. Fundi asiyeijua Subaru anamwaga mafuta ya difu akidhani ni ya giaboksi, halafu anaongeza mafuta kwenye giaboksi ambayo haikupungukiwa. Gari linaondoka na difu kavu na giaboksi iliyofurika. Simama hapo uangalie kinachotoka: mafuta ya difu ni mazito na harufu yake ni kali, huwezi kuyachanganya.

Kama bado roho inataka nguvu, giaboksi ishushwe. Bodi ya valvu, inayogawa presha ya mafuta kwa klachi, hubadilishiwa springi na valvu ili presha ipande na gia ishike haraka. Kampuni za Marekani kama Sonnax na TransGo hutengeneza vifaa hivyo kwa giaboksi nyingi za Kijapani. Sahani za klachi huwekwa za kitambaa kigumu zaidi, na pakiti ya sahani yenye nafasi huongezwa sahani. Konveta hupelekwa kwa anayejua kuipasua, kuitengeneza na kuipima upya mizani. Ni kazi ya mahali pasafi. Chembe moja ya mchanga inatosha kukwamisha valvu, kwa hiyo gereji ya chini ya mwembe haifai, hata fundi awe bingwa wa injini kiasi gani. Na jiandae: baada ya hapo gia zitaingia kwa kishindo kidogo. Usirudi kulalamika kwamba gari limekuwa gumu.

Baada ya yote hayo ndipo uende kwa mtu wa laptopu, nawe uende na masharti. Mwambie toki ya chini, pale turbo inapoamka ghafla, aipunguze kwenye gia ya kwanza na ya pili. Farasi wa juu utawapata vilevile. Mwambie pia asiguse mpango wa kiwanda unaoipunguzia injini nguvu kwa nukta ile gia inapobadilika. Wako wanaoufuta ili gari lionekane kali. Hapo sahani za klachi zinapokea pigo lote bila kinga.

Giaboksi za CVT, yaani otomatiki zisizo na gia za hatua, kama za Forester za SJ au Wish na Premio za miaka ya karibuni, ushauri wangu ni mfupi: ziache. Humo hakuna pakiti za kuongeza sahani gia kwa gia. Kuna mkanda au cheni ya chuma inayobanwa kati ya puli mbili, na ikiteleza inachuna puli zenyewe. Zina mafuta yao maalumu, na kuzitia ya otomatiki ya kawaida ni kuziua kwa mkono wako.

Inabaki ile hoja ya Kisekka, soko la vipuri la Kampala. “Giaboksi ikifa nitashuka Kampala nichukue nyingine, ni kazi ya siku moja.” Kwa gari lisiloongezwa kitu, naikubali hoja hiyo bila kinyongo, mara nyingi ni nafuu kuliko kufungua na kutengeneza. Kwa gari lililorimapiwa, unalipia tena udhaifu uleule, safari hii ukiwa hujui giaboksi yenyewe ilitumikaje. Forester za SG, ambazo vijana wengi wanazo, zilikoma kutengenezwa 2007. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, hivyo SG nzima haiingii tena. Giaboksi utakayoonyeshwa ina umri wa kijana aliyemaliza sekondari, na huenda imeshapita mikononi mwa madereva watatu hapahapa.

Ukiamua kuinunua hata hivyo, mwombe muuzaji akufungulie sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya giaboksi. Ndani kuna sumaku. Ikiwa na utope mwepesi wa kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa na vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa kucha, au mafuta yananuka kama kitambaa kilichoungua, ondoka. Na akikataa kuifungua, umeshapata jibu, nenda duka linalofuata.