NFS na SMB: seva imwamini nani?

Mabishano ya NFS na SMB, njia mbili za kushirikiana mafaili kwenye mtandao, huishia kwenye kasi: ipi inanakili faili kubwa haraka zaidi. Kwangu hilo ni swali dogo. Zote hukuletea mafaili ya kompyuta nyingine kana kwamba yamo kwenye diski yako. Zinapoachana ni katika mambo mawili: seva imwamini nani, na ifanyeje mtandao ukikatika.

NFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 1984, kwa mpangilio wake wa kawaida huiamini mashine. Kompyuta inasema "ombi hili ni la mtumiaji namba 1001", seva inakubali. Sasa mpe mtu laptopu ambayo yeye mwenyewe ndiye root (msimamizi mwenye mamlaka yote): anafungua akaunti yenye namba 1001, na mafaili ya mwenzake yanafunguka bila nenosiri. Kinga ya root_squash haisaidii hapo, maana inambana root peke yake. Dawa ipo, Kerberos, mfumo unaomthibitisha mtumiaji mwenyewe, ila kuisimika kunatoa jasho na wengi huiacha.

SMB, iliyoanzia IBM kisha ikakuzwa na Microsoft, humdai mtu mwenyewe jina na nenosiri. Kwa ofisi yenye laptopu za kila aina, imeshinda. Hata Apple iliifanya chaguo la kwanza mwaka 2013, ikaiweka kando AFP, njia yake yenyewe ya kushirikiana mafaili. Isisifiwe mno, lakini: kasoro ya Windows katika SMB1, toleo la kwanza, ndiyo iliyokipitisha WannaCry, kirusi cha kudai fidia, Mei 2017, na skana kuukuu bado zinadai toleo hilo liwashwe.

Mtandao ukikatika, ninaitetea NFS. Ikiunganishwa kwa mpangilio wa "hard", hungoja mpaka seva irudi. Andika df, amri ya kuona nafasi ya diski, seva ikiwa imezimwa, uone dirisha linavyoganda. Watu hulaani, kisha hubadili kuwa "soft" ili programu ipewe kosa na kuendelea. Hapo ndipo data huweza kuharibika kimyakimya. Heri kungoja. SMB ilizoea kuvunja kikao na kuyapoteza mafaili yaliyofunguliwa; toleo la 3 la mwaka 2012 lilipunguza adha hiyo, ila kwa seva zilizoandaliwa hivyo.

Kwa hiyo seva kwa seva, chini ya msimamizi mmoja, NFS. Kompyuta za watu, SMB. Nisichokishauri ni folda moja kutolewa kwa njia zote mbili, ingawa vifaa vingi vya kuhifadhia huruhusu. Mtu wa Linux akihifadhi Ripoti.doc na ripoti.doc, kwake ni mafaili mawili, na mwenzake wa Windows, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, hatajua amefungua lipi.