Mpwa wangu na bastola ya kutembelea msituni

Mpwa wangu anayekaa Montana, Marekani, atakuja Malindi mwezi wa Desemba, na swali lake la kwanza halikuwa la nauli wala la samaki. Kaniandikia WhatsApp: "Shikamoo mjomba. Nikija nataka tutembee kwa miguu msitu wa Arabuko-Sokoke, na Mto Sabaki pia. Nibebe silaha gani?" Chini yake katia picha mbili, rivolva ya .44 Magnum na bastola ya milimita 10.

Sikumcheka. Kwao swali hilo lina maana. Montana kuna dubu wa grizi, na tangu mwaka 2010 mtu anaruhusiwa kuwa na silaha katika hifadhi za taifa za Marekani ikiwa sheria za jimbo zinamruhusu. Hubishana juu ya hilo kama sisi tunavyobishana mpira barazani. Rivolva haina mambo mengi, lakini ni risasi sita tu na teke lake lavunja mkono. Bastola ya milimita 10 inachukua risasi nyingi, ila ukiishika kwa kitete huenda ikakwama. Hata huko, watafiti waliokusanya visa vya Alaska walieleza mwaka 2008 kwamba pilipili ya kupuliza iliwazuia dubu wa kahawia katika visa 92 kwa kila 100. Mwaka 2012 wakachambua visa 269 vya bunduki, wakaona waliofyatua na wasiofyatua walitoka na majeraha yasiyopishana sana. Dubu akikujia hakusubiri uchomoe, ulenge, uvute pumzi.

Tuje kwetu. Sheria kwanza, maana ndiyo fupi: Kenya huwezi kuwa na silaha bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, na kuingia nayo katika hifadhi ya wanyama bila idhini ni kosa hata ukiwa na cheti. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo mwenye mtutu porini ni askari au ni jangili, na atakayekukuta hana haja ya kufikiri sana wewe ni yupi.

Lakini sheria siyo iliyonifanya nimkatalie. Ni asubuhi moja kando ya Mto Sabaki, miaka kadhaa sasa. Nilikuwa nampeleka mgeni mmoja kutazama viboko. Alikuwa na bastola kiunoni, na cheti chake halali mfukoni. Mtu mzima, mstaarabu, si mlevi. Tulikuwa tumeambiwa viboko wamelala upande wetu wa mto. Kichaka kikatikisika hatua kumi mbele, kikatulia, kikatikisika tena. Nilipogeuka kumwashiria asimame, bastola ilikuwa tayari mkononi na kidole kiko kwenye kifyatulio. Akatoka mbuzi. Nyuma ya mbuzi akatoka mtoto wa kama miaka minane, kifua wazi, kijiti mkononi, akatuamkia: "Shikamoo." Yule bwana hakuitika. Aliketi pale pale kwenye mchanga, akatoa risasi moja moja akazitia mfukoni, na viboko hatukwenda tena kuwaona.

Wanaotoka miji mikubwa hawajui kwamba pori letu lina watu. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba zipatazo 420 na vijiji vimeizunguka. Wamo kina mama wa kuni, wamo watazamaji wa ndege wanaomtafuta bundi wa Sokoke, na nje kidogo wako wafugaji wa vipepeo wa mradi wa Kipepeo, Gede, ulioanza mwaka 1993. Ukisikia kitu nyuma ya kichaka, kuna uwezekano mkubwa ni mtu. Na penye vichaka vizito huoni hatua tano mbele.

Ndovu wapo, sikatai. Hao ndio ninaowaogopa mimi. Lakini bastola kwa ndovu ni kumkasirisha tu. Ukitaka kwenda ndani, omba askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ninayemzoea mimi hubeba soksi kuukuu iliyojaa jivu. Kila tukipita kona huitikisa kidogo, jivu linaelea, naye anajua upepo unapeleka harufu yetu wapi. Siku moja tulikuta kinyesi kingali na moshi. Alikigusa kwa nyuma ya vidole, akatikisa soksi, jivu likaenda mbele. Akatugeuza. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika kwenye barabara ya gari. Bunduki haikushuka begani.

Nyoka? Viatu vinavyofunika kifundo, tochi usiku, na usitie mkono usipopaona. Anayetaka kumpiga risasi kifutu kando ya mguu wake mwenyewe atajikuta hana kifutu wala mguu.

Kule Marafa kwenye korongo la Nyari, hatari ni jua na kingo zinazomomonyoka. Abebe maji.

Nilimwandikia hayo yote, marefu kuliko haya. Alijibu baada ya siku mbili: "Sawa mjomba, nitaiacha nyumbani. Lakini huyo askari, bunduki yake ni ya aina gani?"

Nimetembea naye miaka. Sijawahi kumuuliza.